Kaka, Umeme Uliporudi Rujewa

Kaka Ipyana,

Nimeona picha yako ya ofisini Dar, kitambulisho shingoni, unacheka. Nikaizima simu.

Unakumbuka kibaraza cha duka la mama pale Mwanjelwa, tukigombania kompyuta moja? Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika programu. Tulipopewa kazi Rujewa, mfumo wa kugawa zamu kwa simu kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tulibishana wiki nzima tuujenge juu ya msingi gani wa programu. Wewe ulitaka Django, uliyoizoea. Mimi nilitaka Phoenix. Nilikueleza kwamba jinsi ulivyoipanga Django yako, kila ombi linamshika mhudumu mmoja wa ndani ya kompyuta mpaka lijibiwe, na wahudumu wenyewe ni wachache. Phoenix ingempa kila mtu kihudumu chake kidogo. "Dogo, wewe unapenda vitu vipya tu," ukanitania.

Lakini tulikwenda wote mashineni, tukaona. Umeme ukikatika, watu wanakaa juu ya magunia yao. Ukirudi tu, wote wanainuka kwa mkupuo, kila mmoja anataka zamu sasa hivi. Tukakubaliana kuzijaribu zote mbili kwa fujo ile ile.

Nikiwa Iringa kwenye mafunzo, ukanipigia: umejaribu, Django imepita. Nikakuamini. Kumbe Mama Sekela, msimamizi wa mashine, ulimwambia, "Hata mdogo wangu amepima mwenyewe." Sikupima kitu, kaka! Ukapanda basi, ukaenda kwenye kazi yako mpya.

Wiki ya pili tangu mfumo wako uanze kutumika, umeme ukakatika, ukarudi. Mfumo ukaelemewa, ukapoteza zamu. Waliofika alfajiri wakajikuta nyuma ya waliofika mchana, magunia yakabaki nje, mvua ikayakuta. Nilitukanwa. Ndipo nikafungua faili lako la majaribio: umewapitisha watu wa kuigiza mmoja mmoja, kila baada ya sekunde moja, wametulia kama wanaokwenda kupokea komunyo. Na ulikaa na mimi juu ya magunia yale!

Kukosea kuchagua ningekusamehe siku hiyo hiyo. Hata Django pengine ingefaa, kama ungeipanga vizuri. Kinachoniuma ni kwamba ulitumia jina langu.

Nimeujenga upya kwa Phoenix. Jumanne umeme ulirudi, watu wakabonyeza simu wote kwa pamoja, na zamu zikakaa sawa. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha nikamwona Mama Sekela anapita na kipande cha mkaa, anaandika namba kwenye kila gunia, kama zamani.

"Mama, simu inafanya kazi sasa," nikamwambia.

"Naona, mwanangu. Simu sina ugomvi nayo." Akaendelea kuandika.

Njoo umwambie kwamba sikupima. Nikimwambia mimi, ataona namsukumia lawama aliye mbali.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hukumuuliza,
Tumpe