Nani alibonyeza?

Mwenzangu, upo? Hata kulia siwezi.

Jana kompyuta ya ofisini iliomba kusasisha mfumo, nikabonyeza "Kubali". Leo haiitambui ile mashine yetu kongwe ya kuchapa nukta nundu. Haiitambui kabisa! Na mtihani wa watoto wetu tisa wasioona, ambao huchapwa kwa mashine hiyo, ni kesho.

Nikawapigia waliotengeneza mashine. "Dada, hiyo imepitwa na wakati. Waulize wenye mfumo." Wenye mfumo nao, "Waulize wenye mashine." Wametupiana mpira mpaka salio likaisha.

Mwalimu mkuu akauliza mbele ya ofisi nzima, "Nani alibonyeza?" Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. Nani alibonyeza! Basi, kosa likapata mwenyewe.

Akasema hao tisa watafanya mwakani, na aliyebonyeza ndiye akawaambie.

Nimeenda. Nikasimama mlangoni mwa darasa lao. Yule binti mdogo wa dawati la mbele akaniwahi: "Mwalimu, tunajua. Tangu asubuhi hatujaisikia mashine ikigonga."

Kisha akapapasa, akanisogezea kiti. Ndicho nilichokikalia sasa hivi. La mwakani bado sijawaambia, na sijui nianzie wapi.