Taa ya Nyuma ya Kulia ya Pikipiki ya Marehemu Baba Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada. Mtaani anaitwa Fundi Taratibu.
Umri: miaka 51.
Kazi: fundi wa pikipiki.
Makazi: chumba cha kupanga nyuma ya karakana yake.
Uhusiano na wahusika: aliyeumia ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, baba mmoja mama mmoja. Dereva hamfahamu.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, ingawa mke wangu angependa nitoe mengine. Jina la Taratibu nilipewa na wateja, na hawakuwa wananisifia.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, shemeji yangu alileta karakana pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake. Shemeji ni mchoraji wa mabango ya maduka. Pikipiki yenyewe ni ya zamani, nyumbani tunaiita Bibi, kwa sababu asubuhi inakohoa na haipendi kuharakishwa. Alisema indiketa za kushoto hazina neno, ila za kulia akiziwasha ya mbele inaganda bila kupepesa na ya nyuma haiwaki kabisa. Akasema, "Shemeji, trafiki wakinisimamisha nitawaambia fundi wangu ni mume wa dada." Nikamjibu kwamba dada yake alishanifunga kifungo cha maisha, trafiki hawana cha kuongeza.

Karakana yangu ni uchochoro ulioezekwa, kati ya ukuta wa mshonaji na ukuta wa kinyozi. Pikipiki inaingia kama droo ya kabati: unaisukuma ikiwa imenyooka na kuitoa ikiwa imenyooka. Ukikata usukani, unagonga ukuta wa kinyozi, naye kinyozi anagonga kutoka upande wake kukuuliza una nini. Naomba jambo hili liandikwe hivyo hivyo, litahitajika mbele.

Nilianza na balbu. Ilikuwa nzima. Nikabadilisha flasha, kile kidude kinachofanya taa ipepese, nikaweka ya pikipiki nyingine. Hali ikawa ile ile. Nikafuata waya mpaka nyuma, nikakuta pale unapofungwa kwenye chuma cha bodi pameliwa na kutu. Nikapasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza nati. Shemeji akabonyeza swichi na taa zote mbili za kulia zikapepesa vizuri. Nikamwita mshonaji aje aone, maana kazi zangu zikifaulu napenda kuwe na mashahidi. Nilikuwa nimepata kosa moja nikafurahi, sikutafuta la pili.

Shemeji aliondoka kwenda kununua rangi. Saa tano kasorobo hivi alirudi, akasimama ng'ambo ya barabara, pembeni kabisa, kwenye kibanda cha mama anayeuza vocha. Hakushuka. Waliongea, wakacheka, kisha akanipungia mkono kuwa anavuka kuja kwangu. Ili aje kwangu ilibidi akate kulia. Nilimwona akibonyeza swichi kwa kidole gumba. Niliona taa ya mbele ya kulia imewaka. Kama ilikuwa inapepesa au imeganda, siwezi kuapa, kwa sababu niliinama kuokota spana. Kazi niliyoimaliza asubuhi sikuona haja ya kuikagua tena.

Nilisikia breki, halafu mlio wa bati. Nilipoinuka, pikapu ya mikate ilikuwa imesimama upandeupande, Bibi iko chini, na shemeji amelala na mguu umekaa vile ambavyo mguu haukai. Nilikimbia. Naamini nilikimbia, ingawa mshonaji anasema nilitembea haraka. Shemeji alinishika shati akasema, "Niliwasha taa, shemeji. Waambie niliwasha." Nikamwambia nimeona. Alirudia hivyo mpaka gari la kwanza lililokubali likampeleka hospitali. Kinyozi alipanda naye. Mimi nilibaki kwa sababu ya yule dereva.

Dereva alikuwa amejifungia ndani ya pikapu, vioo juu, mikono kwenye usukani kama bado anaendesha. Ni mtu wa makamo kama mimi. Watu walikwisha kumzunguka, wengi wao wapakiaji wa mizigo wa stoo ya jirani, na nusu yao ni wateja wangu. Dereva alikuwa anasema maneno yale yale nyuma ya kioo: "Haki ya Mungu sikuona taa. Alisimama pembeni, sikuona taa."

Mpakiaji mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu hakuwa peke yake, akasema, "Taa imetengenezwa leo. Mshonaji mwenyewe ameiona. Huyu anatufanya watoto." Mwingine akapiga kwa jiwe kioo cha kutazamia nyuma, kikaanguka. Kisha wakaja wawili karakana kwangu. Nina dumu la petroli la kuoshea minyororo.

"Fundi, tupe hilo dumu."

"La nini?"

"Unajua la nini. Aliyelala pale ni ndugu yako."

Nikalikalia dumu. Mimi ni mtu mzito na kwa mara ya kwanza uzito huu ulinifaa. Mmoja akasema, "Inuka, mzee, tusivunjiane heshima." Nikasema magoti yananiuma.

Nikawaambia kabla ya yote tuwashe taa ya pikipiki, kila mtu aone. Nilitaka muda tu, mshonaji alikuwa anawapigia polisi simu. Wakamnyanyua Bibi, wakamnyoosha, wakamshikilia wima katikati ya barabara, mmoja akabonyeza swichi. Taa ya nyuma ya kulia ikapepesa. Ilipepesa vizuri kuliko asubuhi. Sijawahi kuchukia kazi yangu ikifanya kazi, ila siku hiyo niliichukia. Watu walipiga kelele kwamba dereva ni mwongo, na wengine wakaondoka palepale kwenda kutangaza hivyo. Waliobaki wakaanza kuitikisa pikapu. Mikate ilikuwa inaanguka ndani ya bodi, nilikuwa naisikia. Dereva alifumba macho.

Hapo ndipo yule mama wa vocha alipopita katikati ya watu. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu watatu. Akasema, "Nyie, hakuwa amesimama hivyo. Alikuwa amenigeuzia mgongo nusu, usukani ameukata kwenda huku, tayari kuvuka." Akashika usukani yeye mwenyewe, akaukata kulia mpaka mwisho.

Taa ya nyuma ikazimika.

Ya mbele ikabaki imeganda, inawaka bila kupepesa. Akanyoosha usukani, nyuma ikarudi. Akaukata, ikafa. Mama akaniangalia na kuniuliza, "Fundi, hii ni nini?"

Nilimwachia mshonaji dumu, alikalie yeye, nikaenda. Nilipapasa waya pale shingoni mwa pikipiki, usukani unapopindia. Kwa nje waya ni mzima. Ndani shaba imekatika kwa kupindwa miaka yote ile tangu enzi za baba mkwe. Usukani ukinyooka, ncha zinagusana. Ukikatwa kulia, zinaachana. Shemeji aliwasha, na ya mbele akaiona inawaka. Dereva alitoka nyuma na hakuona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona. Nami sikuwahi kuijaribu usukani ukiwa umekatwa, kwa sababu ya ukuta wa kinyozi. Pikipiki zote ninazotengeneza nazijaribu zikiwa zimenyooka, kana kwamba barabara haina kona.

Nikawaambia watu maneno haya: "Huyu bwana hajasema uongo. Kosa ni langu."

Mpakiaji yule aliyetaka dumu akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Sasa, fundi, tukuchome wewe?" Sikujua kama anatania. Nikamwambia nimelowa grisi mwili mzima, nitawaka wiki nzima na moshi utaharibu nguo za mshonaji. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wa pili. Yule mpakiaji hakucheka, ila alitupa chini jiwe alilokuwa ameshika. Polisi walifika wakati huo, wakamtoa dereva na kuichukua pikapu pamoja na pikipiki. Dereva alipita karibu yangu. Alikuwa na kiatu kimoja, kingine kilikuwa kimemvuka walipomshusha.

Mchana nilikwenda hospitali. Shemeji amefungwa mguu kwa plasta na atapona, ila mabango atachora akiwa amekaa. Nilimweleza habari ya waya. Akageukia ukutani akasema, "Kwa hiyo unakwenda kusema sikuwasha." Nikamwambia nitasema aliwasha, na nitasema haikuwaka nyuma, na yote mawili ni kweli. Mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni. Akasema, "Huko uendako ukumbuke nani atakuzika." Ni mwanamke mwenye mzaha sana, lakini pale hakuwa anafanya mzaha.

Nimeambiwa hapa kituoni kwamba watu wawili wamekwisha kuandikisha kuwa taa ilikuwa nzima na dereva anastahili kushtakiwa. Hao hawajadanganya. Waliondoka kabla mama wa vocha hajashika usukani. Naomba na yeye mama asikilizwe. Naomba pia pikipiki isiguswe na fundi yeyote, hata mimi, hasa mimi, mpaka afande ameijaribu kwa mkono wake.

Nimesomewa niliyoyasema, nimeyakubali kuwa ni yangu, na sina la kupunguza hata yanayonihusu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa, pamoja na alama ya grisi ya kidole gumba ambayo haikuhitajika)

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI

Baada ya shahidi kutia sahihi, nilikwenda naye uani ilipo pikipiki. Shahidi alikataa kuigusa, akasimama kando, mikono mfukoni. Koplo alikaa juu ya pikipiki, akakata usukani kulia na kubonyeza swichi. Mimi nilisimama nyuma, mahali dereva alipokuwa.

Koplo aliniuliza kama inawaka. Kwake mbele ilikuwa inawaka.

Nilimjibu kuwa sioni taa.

Mama wa kibanda cha vocha ameitwa kuandikisha maelezo kesho asubuhi. Dereva ametolewa mahabusu kwa dhamana saa kumi na moja jioni, na shahidi alimsubiri nje ya geti akiwa na kiatu chake cha pili.