Kerezo la Uani

Tarehe 3 Februari

Mume wangu Baba Mapacha,

Salamu nyingi. Mimi na wasichana wako tu wazima, ila pacha mdogo ana kikohozi kisichokata. Wewe je, hujambo huko ugenini? Tangu Oktoba hatujapata hata salamu ya mdomo.

Nakuandikia nikiwa uani, kwenye chumba chako cha kazi. Jana walikuja watu wa vyuma chakavu na mizani yao, wanalitaka kerezo, mashine yako ya kuchongea vyuma. Mmoja aligonga ile mashine kwa ufunguo akasema, "Mama, hili ni jiwe tu, ila jiwe zito." Nikawafukuza. Walipoondoka nikafunua turubai, nikalia. Kutu imelila kama upele, na jikoni unga umebaki wa kesho tu.

Sasa nisikilize. Mwenye kinu cha kusaga, yule wa barabarani, shafti ya kinu chake, ile fimbo ya chuma inayokizungusha, imekatika. Hapa mtaani hakuna fundi mwingine wa kukereza chuma. Mimi nimekushikia taa ukifanya kazi hiyo tangu tuoane. Nifundishe kwa barua.

Mkeo,
Mama Mapacha


Tarehe 27 Februari

Mke wangu,

Salamu za mapenzi. Mimi mzima, kazi inaendelea. Kikohozi cha mtoto kimenitia wasiwasi, mpeleke zahanati.

Kerezo usiliuze, wala usiliguse. Hilo si cherehani. Nisubiri, mambo yangu yakikaa sawa nitakuja kulifufua mwenyewe. Niwie radhi kwa mwandiko, naandikia kitandani.

Mumeo,
Baba Mapacha


Tarehe 14 Machi

Baba Mapacha,

Hujambo? Sisi tunasukuma siku. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo ni matatu.

Barua yako ilinikuta nimeshaanza. Kutu niliisugua kwa mafuta ya taa na msasa mpaka reli zikang'aa na kucha zangu zikaisha. Gia nilizichomoa moja moja, nikazipanga sakafuni kwa mfuatano wake nisije nikazichanganya. Mota ilipogoma, fundi redio akanibadilishia waya. Jumapili nikawasha. Lilizunguka! Pacha mkubwa akakimbilia uvunguni.

Lakini shafti imeharibika. Upande huu nene, upande ule nyembamba. Mwenye kinu akaishika, akanitazama, akasema, "Shemeji, nilikuomba shafti, umenipa mkuki." Kimebaki chuma kimoja tu. Nikikiharibu na hicho, anapeleka kazi kwingine. Jana wasichana walilala kwa maji ya chumvi tu. Nakuomba, niambie nimekosea wapi.

Mkeo


Tarehe 29 Machi

Mama Mapacha,

Poleni sana. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Hujakosea wewe, sakafu ndiyo imekosea. Mguu mmoja wa kerezo umekaa kwenye ufa, kwa hiyo mwili wote umejipinda. Azima pima maji kwa waashi. Ilaze kukingama reli, kwanza upande wa mota, halafu upande wa pili. Kiputo cha ndani yake kikikataa kukaa katikati, ingiza kipande cha bati chini ya mguu, kaza, pima tena. Hata ikikuchukua siku nzima. Kisha kata kidogo kidogo, unene wa karatasi, usifanye pupa.

Na hili lishike kuliko yote: mikono ya nguo, kata. Usikunje, kata kwa mkasi. Nywele funga. Chuma kinachozunguka hakimvuti mtu polepole. Ukija kupiga kelele, chenyewe kimeshamaliza. Kabla ya kugusa chochote, zima. Hata msimamizi akikuharakisha, zima.

Mumeo


Tarehe 12 Aprili

Mume wangu,

Afya yako? Sisi leo tumeshiba. Shafti imetoka sawa, mwenye kinu ameifunga na kinu kinasaga. Amenipa gunia la unga, na ameshaniletea kazi nyingine.

Ningefurahi kama si barua yako. Umeniambia nizime hata msimamizi akiniharakisha. Mimi hapa msimamizi wangu nani? Kuku? Halafu herufi zako zimelala upande usio wako, kama zimepigwa na upepo. Nimezilinganisha na barua za mwaka jana.

Mkono wako wa kulia umefanyaje? Usinidanganye, nimezaa na wewe.

Mkeo


Tarehe 20 Mei

Mke wangu,

Natumaini mko salama. Nimekaa na barua yako wiki nyingi, sikujua nianzie wapi.

Mkono haupo. Ulikwenda Novemba, kiwandani. Mkono wa shati ulinaswa na mashine, basi. Hospitali walikata chini kidogo ya kiwiko. Nilipotoka, nafasi yangu ilikuwa na mtu mwingine. Sasa nalala kwa Mpishi, yule rafiki yangu, na namsaidia kusuuza masufuria.

Usiniite nyumbani. Niliondoka fundi, nirudi nani? Mdomo wa nne? Wewe umekuwa fundi kwa barua moja. Waambie wasichana nimepata kazi mbali zaidi, ambako posta haifiki. Watazoea.

Baba yao


Tarehe 2 Juni

Baba Mapacha,

Salamu sikupi, nina hasira. Pole nakupa, nimeilia hiyo pole siku tatu, macho yamevimba.

Siwaambii watoto uongo huo. Lori la mwenye kinu linakuja huko kila mwezi kuchukua mahindi. Nimezungumza na dereva, atakupitia kwa Mpishi. Panda.

Mkeo


Tarehe 19 Julai

Baba Mapacha,

Dereva amenieleza yote. Jumanne alasiri alikushusha kwenye kona yetu. Ulifika mpaka ukutani, nyuma ya chumba cha kazi, ukasimama ukisikiliza mashine inakata. Kisha ukarudi kwenye lori ukamwambia, "Hapa fundi yupo tayari. Nirudishe."

Mimi nilikuwa ndani, hatua chache tu kutoka hapo ulipokuwa! Ungechungulia dirishani ungemwona huyo fundi. Ni mkeo. Kila ninapowasha nauona mkono wako mle ndani. Naichukia hii mashine, Baba Mapacha. Nakereza kwa sababu watoto wanakula. Sikuifufua ije ikae mahali pako.

Nimewaambia wasichana ukweli. Wamelia wote wawili. Halafu pacha mdogo akafuta kamasi akauliza, "Baba anafungaje vifungo vya shati?" Hilo mjibu wewe.

Mkeo


Tarehe 8 Agosti

Mama Mapacha,

Mwambie mdogo hivi: cha juu nafunga kwa meno, vya katikati kwa kidole gumba, ila kile cha mkono wa kushoto kimenishinda. Hicho Mpishi ndiye hunifungia, kila asubuhi.

Siku ile nilipokuwa ukutani niliinua mkono nigonge. Niliinua ule usiokuwepo. Ndipo nikageuka.

Lori linaondoka Ijumaa, nami nimo. Lakini siwezi kukuahidi kwamba miguu haitanigeuza tena. Ukisikia honi konani, zima mashine, utoke nje. Njoo na watoto. Nishikeni kabla sijafikiri.

Mumeo