Alasiri za Mama

Jumanne, 7 Mei

Saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa amekwisha kukaanga sufuria ya pili ya mikate ya mchele. Nikapiga pasi blauzi, nikaoga, nikatoka saa moja kasoro robo. Ratiba ilifuatwa.

Ratiba niliiandaa mwenyewe na kuibandika ukutani, juu ya pipa la maji. Ina safu mbili: Mama, Zaina. Safu ya Mama haina nafasi tupu. Alfajiri, mikate kwa wapakuaji wa bandarini. Asubuhi hadi magharibi, meza yake katika soko la Kasuku: mchele, mawese, chumvi. Kisha nyumbani, jikoni, kufua. Najivunia safu hiyo. Tasnifu yangu ya shahada, kuhusu matumizi ya muda katika biashara ndogo, ilimchukua yeye kuwa mfano mkuu. Jopo lilinipa alama ya juu. Ukurasa wa thelathini na mbili ulisomwa kwa sauti mbele ya ukumbi mzima: mwanamke huyu hakupoteza hata saa moja, hata siku ya msiba wake.

Leo saa tisa ofisi ninakofanya staji, mafunzo ya kazi, ilinituma kununua wino wa mashine. Nikapita sokoni. Meza ya Mama imefunikwa turubai. Jirani yake, muuza sabuni, akasema bila kuinua macho:

"Mama yako iko kwa kilio."

Kilio cha nani? Hajui.

Jioni nilimwuliza Mama. Akajibu neno hilo hilo, kilio, akaendelea kuchambua mchele. Sikuridhika.

Alhamisi, 9 Mei

Meza imefunikwa tena. Kilio tena.

Nimefikiri kwa utaratibu. Nyumbani tuko wawili tu. Baba alikuwa mtu wa reli. Vita vilipoanza aliondoka na treni ya kusini, akaoa huko Kongolo, hakurudi. Ndugu wa Mama wako kijijini Tunda, na mtu akifa Tunda habari hutufikia kabla hajazikwa. Hakuna aliyekufa Tunda.

Dhana tatu. Kwanza, ni mgonjwa na anaficha. Pili, anauza kiwanja kwa siri. Tatu, kuna mwanamume.

Ana miaka arobaini na sita. Siku za kilio, asema muuza sabuni, huvaa kitenge cheusi na kutoka sokoni mikono mitupu, bila kikapu, bila beseni, bila chochote kichwani. Katika maisha yangu sijapata kumwona Mama akitoka mikono mitupu. Naiweka dhana ya tatu mbele.

Jumamosi, 11 Mei

Kiongozi wa wanawake wa soko, ambaye wote humwita Mama Prezidenti, alinikamata mkono mbele ya watu.

"Weye, mutoto wa diplome! Mwambie mama yako meza haiko kaburi. Haifunikwe."

Wauza samaki wakacheka. Nikamjibu kwa adabu kwamba Mama ana udhuru. Akasema udhuru wa kila juma si udhuru, ni tabia. Wako wanawake wanaosubiri meza tangu mwaka juzi. Mwezi ukiisha, kama turubai bado lipo, meza itapewa mwingine.

Meza ile ilinilisha. Ilinisomesha. Juu yake nilijifunza kuandika, kwa chaki, kando ya kopo la mawese. Naogopa, na hofu yangu ina hasira ndani yake.

Jumatatu, 13 Mei

Mama aliimba akifua. Hajawahi kuimba akifua. Dhana ya mwanamume inapata nguvu.

Jumanne, 14 Mei

Niliomba ruhusa ofisini. Nilisema nakwenda hospitali. Uongo wangu wa kwanza tangu nianze staji.

Saa nane Mama alifunika meza. Nilimfuata kwa mbali. Jambo la kwanza lililonishtua: alitembea polepole. Mama, ambaye hutembea kama mtu anayefukuzwa! Alipofika penye mteremko alisimama kutazama mto Lualaba, mitumbwi ikivuka. Hakumngoja mtu. Alitazama tu. Kisha akaingia avenyu moja nisiyoijua, huku akiangalia malango kushoto na kulia kama anayetafuta namba ya nyumba.

Akafika kwenye lango lenye matawi ya mchikichi yaliyochomekwa ardhini pande zote mbili. Alama ya kilio. Akavua kandambili, akaingia. Kilio kilikuwa kweli, basi. Nilijificha chini ya mwavuli wa muuza vocha, nikauliza marehemu ni nani. Seremala mmoja. Mzee, lakini si mzee sana.

Basi mwanamume wa dhana yangu alikuwa ndiye. Alikuwapo, na amekufa, na Mama anamlilia kati ya wanawake wa nyumba yake, pengine pamoja na mke wake. Nilirudi nyumbani. Nimeandika jina la seremala huyo kwenye karatasi, kisha nikaichana.

Alhamisi, 16 Mei

Dhana imeanguka. Leo nilimfuata tena. Upande mwingine wa mji, lango jingine, matawi mengine. Marehemu: bibi aliyekaribia miaka tisini.

Niliingia. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, juu ya viti. Wanawake ndani, juu ya mikeka. Mama alikuwa ukutani, miguu imenyooshwa, mikono mapajani, macho nusu yamefumbwa. Sijui jinsi ya kuieleza sura ile. Sikuitambua.

Binti mmoja wa nyumba ile alinivuta kando.

"Ule mama njo wa kwenu? Siye tulizani iko wa upande wa baba. Upande wa baba wanazani iko wa kwetu."

"Anakuja kula?" niliuliza. Swali la aibu, lakini ilinipasa kujua.

"Kula? Hata maji hakunywa. Anakaa tu. Juma lililopita alikuwa kwa kilio cha mjomba wangu vilevile. Nikasema labda njo shangazi hatukumujua."

Mama alifumbua macho, akaniona. Hakushtuka. Akasogea kidogo, akagonga mkeka kwa kiganja, kunionyesha mahali pa kukaa. Nilitoka.

Nauliza karatasi hii, maana sina mwingine wa kumwuliza: ni mwanamke wa namna gani anayekwenda kuketi kwenye misiba ya watu asiowajua?

Ijumaa, 17 Mei

Nimemwuliza. Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Alikuwa jikoni, anakoroga unga wa mikate. Nikasema nimemfuata mara mbili. Akacheka kidogo.

"Najua. Jumanne ulikuwa chini ya mwavuli, matako yote inje. Unanitafutia nini, Zaina? Mimi niko mwizi?"

Nikamwambia kuhusu Mama Prezidenti, meza, mwisho wa mwezi. Alijua. Nikamwuliza kwa nini, basi. Alijibu akikoroga.

"Kule hakuna muntu wa kuniita. Mama Zaina chumvi, Mama Zaina maji, Mama Zaina blauzi yangu iko wapi. Mwanamuke akikaa kwake muchana, watu wanauliza kama iko mugonjwa. Akikaa kwa kilio, wanamuongezea mukeka."

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya ukumbini, si ya jikoni, kwamba saa zile ni za kazi, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha thamani ya saa, kwamba nimeandika hivyo kwenye tasnifu na watu wenye elimu wamekubali.

Hapo akaacha mwiko.

"Ile kitabu yako. Njo yenyewe."

Sikuelewa. Akanikumbusha karamu ya shahada yangu, hapa uani, mwezi wa pili. Wageni waliniomba niwasomee. Tasnifu ni ya Kifaransa. Nikautafsiri ukurasa wa thelathini na mbili, kwa Kiswahili kizuri, ili na yeye afurahi. Nilisoma kwamba hata siku mtoto wake alipofariki, alifika sokoni kabla ya alasiri. Wageni walipiga makofi. Mimi niliinama kidogo, kama ukumbini.

"Walipiga makofi," akasema Mama. "Kwa siku ya Asumani, walipiga makofi. Na miye nilikuwa nagawa soda."

Kisha akanieleza siku yenyewe. Nilikuwa naijua kwa sentensi moja tu, ile niliyoiandika.

Mji ulikuwa umezungukwa. Hakuna aliyeweza kwenda shambani, waliojaribu hawakurudi. Treni hakuna, boti hakuna. Watu walikula majani bila chumvi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, Asumani, mdogo wangu, alikuwa hajaanza kutembea. Alikufa asubuhi. Wanaume watatu walimzika kabla ya adhuhuri, haraka, kwa sababu walikuwa na wengine wa kuzika. Hakuna aliyekuja kuketi. Kila nyumba ilikuwa na wake. Hata matawi ya kuchomeka mlangoni hayakuwapo, michikichi ya mtaa ilikuwa imekatwa ili watu wale viini vyake. Alirudi kutoka makaburini akanikuta nimelala chini, nalamba ukuta. Akachukua kisu, akaenda kuchuma matembele kwenye viwanja vilivyoachwa, akayapeleka sokoni, akabadilisha kwa mihogo.

"Sikupoteza saa, njo kweli. Ulikuwa na njaa. Nikasema nitakaa kesho. Kesho ulikuwa na njaa tena."

Akaushika tena mwiko.

"Kisha vita ikaisha, ukaanza masomo. Nikazoea kukimbia. Mpaka siku ile ulisoma. Nikajisemea: huyu mutoto wangu, hakuna muntu alimukalia hata siku moja. Kesho yake nikaona matawi kwa mulango wa watu. Nikaingia."

Mikate ya leo ilichelewa. Wapakuaji walimlalamikia.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekwenda ofisini. Sikufanya kazi yoyote ya maana.

Nimeusoma ukurasa wa thelathini na mbili mara nyingi. Umejengwa vizuri. Una tanbihi mbili. Naona haya. Nakala tatu zimehifadhiwa katika taasisi, siwezi kuzirudisha.

Nilimshuku mama yangu ugonjwa, uuzaji wa kiwanja na uzinzi. Sikumshuku uchovu.

Nimeibandua ratiba. Ukutani zimebaki alama nne za gundi.

Jumatano, 22 Mei

Nilimwambia Mama tumkalie Asumani kilio hapa kwetu. Aliniangalia kwa shaka, na ana haki. Pengine alidhani nataka ukurasa mwingine. Nikaapa sitauandika popote pa kusomwa na watu. Akauliza kama inawezekana, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Nikasema sijui. Akasema Jumapili basi, baada ya mikate.

Mama Prezidenti ametuma ujumbe kupitia muuza sabuni: Jumapili atakuja kwetu kumaliza neno la meza. Anakuja mwenyewe. Kwa habari njema mtu hutuma mtoto. Nashuku meza imekwisha kutolewa.

Mama anasema hatabadilisha siku.

Jumapili, 26 Mei

Nilikwenda mapema kukata matawi mawili ya mchikichi nyuma ya reli. Nilirudi nayo begani, blauzi ikachafuka. Nikayachomeka langoni, pande zote mbili. Mama alitandika mikeka miwili sebuleni. Tukavua viatu. Tukaketi.

Mwanzoni ilikuwa vigumu. Nilifikiria sahani ambazo hazijaoshwa. Nilifikiria barua ya maombi ya kazi. Mama alinyoosha miguu, akafumba macho nusu. Nikaiangalia sura ile tena, kwa karibu. Akaanza kunieleza Asumani alivyokuwa: alikuwa na kichwa kikubwa, alicheka akisikia honi ya treni, nilikuwa nampiga. Hayo sikuwa nayajua.

Yapata saa tisa Mama Prezidenti akafika, na kitenge chake cha mikutano. Sauti yake ilitangulia uani: "Mama Zaina! Weye mwanamuke wa turubai!" Halafu kimya. Alikuwa ameona matawi. Akaingia taratibu.

"Pole. Nani amekufa?"

"Asumani," alisema Mama. "Mutoto wangu wa mwisho."

"Mutoto gani? Lini?"

"Wakati wa vita. Hatukumukalia."

Mama Prezidenti alibaki amesimama. Nilidhani atacheka. Nilikuwa tayari kumchukia. Aliinama, akafungua viatu vyake vya mikanda, kimoja, kingine, akaviweka mlangoni. Mama akasogea, akamwachia mahali pa ukutani.

"Miye ni watoto wawili," akasema, akanyoosha miguu.

Tulikaa hivyo mpaka jua likafika kwenye pipa la maji. Wakati wa kuvaa viatu, akiwa amegeuka nusu, alisema asubuhi meza ni ya Mama, mchana atamweka mjane mmoja muuza chumvi, na kwamba hataki kusikia tena habari ya turubai. Mama akasema aksanti.

Nilidhani tumemaliza. Lakini matawi yalikuwa bado langoni, na wanawake wawili waliokuwa wakipita njiani wakayaona, wakaingia, wakatupa pole, wakaketi. Mmoja mzee, mmoja wa umri wa Mama. Walikuwa wamechoka, miguu ina vumbi.

Sijui walikuwa wa upande gani. Nilikwenda kuleta mkeka mwingine.