Mwanangu Hajasema Neno Mahakamani

Jumatano, 2 Oktoba

Lowri anakwenda Mahakama Kuu! London! Kesi ya wiki tatu – kampuni ya biskuti imewashtaki waliowauzia tanuri bovu, na wakili wa biskuti ni mwanangu. Wangu mimi, Ceinwen Prosser, mpishi wa shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, niliyeacha masomo nikiwa na miaka kumi na tano.

Kapiga simu saa ya chai. Mam, usitangaze. Nikasema sitangazi. Chai haijapoa niko kwa Glenys, mlango wa pili.

Glenys jamani! Hongera hana. Anauliza, "Kwani Lowri si yule wa kuandika barua za watu wanaouza nyumba?" Nimemwambia hao ni wengine, mwenzangu. Kuna mawakili wa kukaa ofisini na barua zao, na kuna wa kuvaa wigi na kusimama mbele ya jaji. Wangu ni wa wigi. Manyoya ya farasi! Nilimnunulia mimi mwenyewe, mwaka ule baada ya kumzika baba yake, Emrys.

"Mwanangu mimi ni daktari wa meno," anasema. Kana kwamba nilimuuliza. Nikamwambia ndiyo, wako anafungua watu midomo. Wangu anaifunga.

Nitakwenda kumsikia. Nimeshakata tiketi ya treni.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani, wakati wa matangazo, mchungaji akauliza nani ana mgonjwa wa kuombewa. Nikasimama. Nikasema mgonjwa sina, wakili ninaye. Makofi! Hata Idwal, anayeendesha basi dogo la kwaya na hacheki tangu timu yake ishushwe daraja, alicheka. Anasema siku nikitaka watu wa kwenda kumsikia, basi lipo.

Nimekaanga vikeki vya zabibu kavu, dazeni tatu. London hawajui kula.

Jumatatu, 7 Oktoba. Kwa Lowri, London

Hajasema neno! Siku nzima!

Niliwahi mapema, nikakaa nyuma kwenye viti vya watu wote. Lowri kaingia na joho na wigi lake, mzuri. Akaenda kukaa safu ya pili. Ya pili! Mbele yake limekaa lijibaba refu, Fanshawe. Huyo ni Wakili wa Malkia – wenyewe wanawaita Hariri, kwa joho lao la hariri. Basi Hariri kasimama saa nne na nusu asubuhi, na mpaka saa kumi jioni anaongea yeye. Akikwama, hageuki. Ananyoosha mkono nyuma tu, kama mtu anayeomba chumvi mezani, na Lowri anautilia karatasi. Mara kumi na saba. Nimehesabu.

Nilifungua vikeki, mhudumu wa mahakama akaja kuninong'oneza eti hairuhusiwi kula. Nikamwambia mwanangu ndiye wakili. Akauliza yupi. Nikamwonyesha. Akasema, "Ah, yule wa nyuma."

Yule wa nyuma!

Jioni nimembana Lowri. Anasema ndivyo ilivyo, Mam, yeye ndiye kiongozi, mimi ni wakili mdogo.

"Mdogo? Una miaka thelathini na mbili!"

"Mam, wapo wenye mvi na bado ni wadogo. Mpaka upewe hariri wewe ni mdogo."

"Na zile hoja mlizompa jaji, kurasa sitini, nani kaandika?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote. Yeye kabadilisha nukta nukta."

"Na jina la nani liko juu?"

Akala vikeki vyangu vinne. Kuku atage, jogoo ndiye awike! Sijapata kuona.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimefanya jambo. Sijui kama ninajuta. Kwa sasa sijuti.

Asubuhi Hariri kasema, polepole, kama anaonja mvinyo: "Tanuri hili halikuharibika kiwandani. Lilifika likiwa limeshaharibika." Jaji – mwanamke, miwani yenye kamba shingoni – akatabasamu akaandika. Sentensi ile naijua! Nilimsikia Lowri akiisema alfajiri, mswaki mdomoni!

Walipotoka kwenda kula nikamfuata Hariri kwenye korido.

"Bwana Fanshawe. Mimi ni mama yake Lowri. Ile sentensi ya tanuri ni ya mwanangu."

Akainama kidogo, adabu tele. "Bi Prosser! Furaha iliyoje. Lowri ndiye chumba cha injini cha meli yetu."

"Baba yangu alichimba makaa ya mawe maisha yake yote, bwana. Nawajua watu wa huko chini. Picha ikipigwa huwa hawamo."

Mawakili wa upande wa pili, wale wa tanuri, mmoja aliangalia viatu vyake akicheka. Fanshawe masikio yalimwiva. Lowri akanishika mkono, akanitoa mpaka barabarani kama mtoto aliyekojoa kanisani.

"Mam, unajua kazi nazipataje? Hazitangazwi. Kuna karani ofisini kwetu anayegawa. Anasikiliza nani anasema nini juu ya nani. Fanshawe akisema kesho kwamba Lowri Prosser analeta mama yake kumgombeza mtu, miaka yangu minane ya kazi imekwisha."

"Nimesema ukweli!"

"Hakuna aliyekuuliza ukweli. Rudi nyumbani, Mam. Tafadhali."

Kanifukuza. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu. Vikeki vilivyobaki nilimwachia mlinzi wa lango la mahakama, si yeye.

Jumatano, 9 Oktoba

Nyumbani. Mvua. Glenys kaja hata sijavua viatu.

"Ehe? Aliunguruma?"

Nikasema aliunguruma. Jaji mwenyewe alitabasamu.

Nimedanganya. Kwa ajili ya nani? Nimekasirikia Fanshawe, nimekasirikia Lowri, na sasa nimejikasirikia mwenyewe. Sikula.

Alhamisi, 10 Oktoba

ATASIMAMA! Wiki ijayo, Alhamisi tarehe 17. Anasimama yeye!

Kapiga simu saa kumi na moja, analia na kucheka pamoja, sikumwelewa mpaka mara ya tatu. Mchana jaji kamuuliza Fanshawe, na mhandisi nani atamhoji? Mhandisi ndiye shahidi mkubwa wa wale wa tanuri, ndiye aliyelikagua kabla ya kuliuza. Fanshawe akasema, mimi, mheshimiwa. Jaji akavua miwani. Akasema anaona kila kilichoandikwa juu ya mhandisi kina mkono wa Bi Prosser – Lowri wangu! – na mahakama hii inapenda kuwasikia na wanaokaa nyuma.

Na Fanshawe? Eti, "Bila shaka, mheshimiwa. Nilikuwa nimeshapanga hivyo."

Muongo mkubwa! Na wigi juu!

Nimemuuliza Lowri ana nini cha kumwuliza huyo mhandisi. Anasema kwenye majalada ambayo wale wa tanuri walilazimika kuwakabidhi, kurasa elfu kumi na moja, kasoma moja moja, kakuta karatasi ya ukaguzi ya wiki moja kabla tanuri halijasafirishwa. Pembeni kuna maneno ya kalamu. Mpasuko, upande wa kushoto. Hakuna aliyeyaona, hata wao wenyewe waliozitoa. Anaamini mwandiko ni wa mhandisi. Alijua! Alijua akauza! Mimi nimepika miaka thelathini na mmoja, najua tanuri lenye mpasuko linafanya nini. Dada mmoja jikoni kwetu aliungua mkono mpaka kiwikoni na mkubwa wa shule akasema ni uzembe wake. Muulize, nikamwambia. Muulize mpaka atoke jasho!

"Njoo, Mam," kasema. "Lakini usizungumze na mtu yeyote."

Samahani hakusema. Nami sikusema. Aliuliza kama vile vikeki nitavikaanga tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Watu kumi na sita. Idwal kasema basi lina viti kumi na sita, kwa hiyo mungu wa mabasi kakubali. Kwaya, mchungaji, wapishi wawili wenzangu wa zamani. Glenys anamleta na daktari wa meno. Kafunga kliniki siku nzima! Aje. Aone mdomo unavyofunguliwa bila sindano.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ugomvi kwa sababu ya viti. Nani akae mbele. Nimewaambia kimya kimya mahakamani, hakuna kula, hakuna kupiga makofi. Glenys anasema, "Na hakuna kumfuata mtu koridoni?" Kajuaje? Nani kamwambia? Nimemtoa nje na sahani yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Nina hasira mpaka naona nyota.

Simu, mchana. Lowri, sauti ndogo. "Mam. Hili sikutakiwa kukuambia, usimwambie mtu. Wanazungumza."

"Nani?"

"Wakubwa. Wa biskuti na wa tanuri. Wako hotelini tangu asubuhi wanatafuta suluhu. Wakikubaliana, kesi inaishia hapo."

"Na Alhamisi?"

"Hakuna Alhamisi."

Kisa nini? Kisa yeye! Jana, kama kanuni inavyotaka, kawapelekea wale wa tanuri orodha ya karatasi atakazomwonyesha mhandisi. Ya kwanza ni ile yenye maneno ya pembeni. Wakaiona. Jioni ile ile wakapiga simu kuomba amani.

"Kwa hiyo umewashinda hata hujafungua mdomo," nikasema.

"Mteja ndiye ameshinda, Mam. Ndiyo kazi yenyewe. Kesi nzuri nyingi huisha hivi."

"Na wewe?"

Nikasikia gari la wagonjwa likipita huko kwao.

"Mimi sina haki ya kutaka kitu," akasema. "Wakipata wanachokitaka, mimi natakiwa nifurahi."

"Na Fanshawe?"

"Kanishika bega. Kaniambia kazi safi sana."

Kazi safi! Bega!

Mungu wangu, maisha yangu yote nimeimba amani duniani, sauti ya kwanza, mstari wa mbele. Leo nimepiga magoti kuomba watu wazima wawili, ambao sijawahi kuwaona, wagombane. Wagombane hotelini. Watupiane vikombe. Sioni haya.

Jumatano, 16 Oktoba

Asubuhi hakuna habari. Saa saba hakuna. Idwal kaja kuuliza ajaze mafuta au asijaze. Nimemwambia kwani kuna nini hata asijaze! Kaondoka kinyumenyume.

Saa kumi na moja Lowri kapiga. Wamekubaliana mambo yote ila moja. Biskuti wanataka iandikwe kwamba tanuri liliuzwa likijulikana ni bovu. Wa tanuri wanasema sentensi hiyo hawaitii sahihi hata iweje. Sentensi moja! Fanshawe kamwambia aende nyumbani, ale, alale, awe tayari. Au asiwe tayari. Watajua saa yoyote, labda hata mlangoni mwa mahakama.

"Umekula?"

"Sijaweza." Halafu akasema, "Mam, nikuulize lile swali la kwanza? Wewe uwe mhandisi."

Nikakaa. Nikanyoosha mgongo, simu sikioni.

Sauti yake ikabadilika. Sijawahi kuisikia hiyo sauti. Haikuwa ya London wala ya kwetu. Ilikuwa ya kwake.

"Bwana mhandisi, fungua ukurasa wa elfu nne mia mbili na tisa. Pembeni pana maneno manne ya kalamu. Mwandiko huo ni wa nani?"

"Sijui," nikasema. Mhandisi lazima aseme hajui.

"Hujui. Karatasi hii ilikaa kwenye meza ya nani?"

"Ya watu wengi."

"Watu wengi. Tutajie mmoja."

Nikatafuta mmoja. Sikumpata. Akangoja. Hakuniharakisha, alingoja tu, na ule ungojaji wake! Nikaanza kutoka jasho jikoni kwangu mwenyewe.

"Ni wangu," nikasema. "Mwandiko ni wangu."

"Asante, Mam," akasema. Kisha, sauti ya kawaida, imechoka: "Waambie watu wasije. Watafunga safari yote hiyo wakute mlango umefungwa. Utaaibika."

Nikasema nitawaambia.

Sasa ni saa kumi na mbili. Simu iko mezani. Huko nje Idwal kaleta basi, hakuambiwa, anapangusa vioo. Mchungaji yupo. Wapishi wangu wawili wamekuja na chupa za chai. Glenys kasimama na mwanawe katikati ya barabara, mikono kiunoni, anaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Ceinwen! Tunakwenda au hatwendi? Mwanangu kafuta wagonjwa kumi na wawili!"

Nimefungua dirisha. Nimewaambia wote wasikie.

Kesho, Alhamisi. Saa kumi alfajiri, hapa mlangoni kwangu. Wote. Alhamisi.