Boti Chini ya Chumba cha Ma Anatolia

Jumanne, 1 Aprili 2025

Projestus amenunua boti. Leo ni siku ya wajinga, kwa hiyo nilicheka. Yeye hakucheka.

Ni ile ya marehemu Umedbhai, mzee wa duka la vifaa pale mjini, aliyekuwa akienda kuvua sato kila Jumapili na kofia yake nyeupe. Mjukuu wake, Umang, anahamia Mwanza. Ghala lao lina mpangaji mpya, kila kitu kitoke kabla ya Jumamosi. Boti yenye tao la bomba la chuma la kufungia turubai, injini, na trela la magurudumu mawili la kuivutia.

Sababu naijua. Ni mama yake. Ma Anatolia kazaliwa Bumbire, na tangu avunjike nyonga hajakiona kisiwa, mwaka wa tatu huu. Boti za abiria hawezi kuzipanda. Kila siku neno ni lile lile: nipelekeni nyumbani nikiwa nimekaa, msinipeleke nikiwa nimelala. Wiki iliyopita alikataa chakula siku mbili. Hata ebitoke, ndizi zetu za kupika, nilizompondea.

Ni jambo jema basi. Naliandika ili nilione kwa macho. Lakini ziwa naliogopa, na Projestus ana miaka sitini na sita, na mara ya mwisho kushika injini alikuwa kijana.

Itakaa gerejini. Ufukweni wanaiba injini, anasema. Keshapima: gereji mita tano na nusu, boti mita tano. Paka atapata njia ya kupita.


Ijumaa, 4 Aprili

Haiingii!

Umang ameileta kwa pikapu yake mchana. Wakairudisha nyuma, wakaigeuza, wakaisukuma kwa mikono — pua ya trela ikagonga ukuta wa ndani na injini bado iko nje kwenye mvua. Projestus alipima boti. Mkono wa trela hakuupima. Injini hakuipima. Miaka thelathini na moja kafundisha hesabu!

Umang, kijana mwenye adabu, alichukua futi kamba akapima mwenyewe. Mita sita na sentimita themanini. Akasema kwa upole, Mwalimu, babu alikuwa anaiweka kwenye ghala la mita kumi na mbili. Projestus akajibu kwamba atafikiria. Umang akatuaga. Alipofika getini aligeuka kuitazama boti, nikaona macho yake yamelowa.

Sasa iko uani. Uwanja wetu umeinama, kama kila uwanja huku Kagondo, na chini ya geti ni barabara. Projestus ameweka jiwe nyuma ya kila gurudumu. Mawili tu. Nimesimama dirishani nayatazama.


Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tuliporudi kanisani trela lilikuwa limeshuka hatua nzima, na mawe yake yameshuka nalo. Barabarani walikuwa wanapita watoto wa Sunday school.

Nilimwambia. Akaongeza mawe mawili. Usiwe na hofu kila kitu, Mama Violeth, alisema. Hakusema kwa ubaya. Ila hofu yangu anaijua ilitoka wapi, angeweza kunyamaza.


Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu, nami nipo nyumbani. Heri ningekuwa kazini.

Amepata suluhisho. Nyuma ya gereji kuna stoo, mlango wake mmoja unatokea gerejini. Atatoboa ukuta ulio katikati, tundu la kimo cha kiuno tu, pua ya trela iingie stoo, mlango wa mbele ufungike. Amechora kwenye karatasi ya mitihani, na mishale. Akaniuliza: umeona? Nikaona. Juu ya ukuta ule kuna zege, na juu ya zege, maana nyumba imekaa kwenye mteremko, kuna chumba cha mama yake.

Nilimwambia, Baba Violeth, ukuta ule una ufa tangu tetemeko. Akasema ufa ni wa lipu tu.

Wa lipu! Mimi ukuta nimeshalaliwa nao. Jumamosi ile ya 2016 nilikuwa jikoni kwa dada Esther, tunamenya ndizi. Nilikaa chini ya tofali muda wa saa nzima, mkono wangu umeshika wake. Najua ulipoacha kunijibu. Tangu hapo lori zito likipita natoka nje, hata nikiwa na sabuni mwilini. Watu hucheka. Nami hucheka nao.

Leo jioni nimepitisha ukucha kwenye ule ufa. Unaingia nusu.


Jumatano, 9 Aprili

Ta Kamala amekuja. Ndiye fundi aliyeturekebishia nyumba baada ya tetemeko. Nilifurahi kumwona, nikidhani atakataa.

Aligonga ukuta kwa nyundo, akasikiliza kama daktari. Akasema: Mwalimu, huu umebeba. Tukitoboa tuweke kwanza mirunda sita ya kushikilia zege, halafu nimwage linta, boriti ya zege, juu ya tundu, halafu tusubiri wiki nne. Projestus akasema wiki nne ni nyingi. Ta Kamala akasema basi tafuta fundi mwingine.  Nikawaletea chai.

Wakakubaliana. Mirunda sita. Wiki nne.

Ningesema hapana kwa sauti. Sikusema. Niliuliza kama chai ina sukari ya kutosha.


Alhamisi, 10 Aprili

Wamepiga nyundo kutwa. Nilikimbilia ofisini usharikani, nikachapa barua moja mara tatu na zote zina makosa. Mchungaji akaniambia niende nikapumzike nyumbani. Nyumbani!

Nimerudi. Tundu lipo. Mirunda sita imesimama, mitatu gerejini, mitatu stoo, imeshikilia zege, imekazwa kwa kabari za mbao. Ta Kamala alituita sote wawili akaigusa mmoja mmoja. Huu usiguswe. Huu usiguswe. Mpaka nirudi Jumanne kumwaga zege, asiguse mtu. Anakwenda msibani Muleba, kafiwa na shemeji.

Miwili iko katikati kabisa ya njia ya trela. Nilimwona Projestus akiitazama.

Ma Anatolia anasema nyumba inaongea. Anasema kitanda chake kinaisikia kabla ya masikio. Nikamwambia ni mafundi. Mafundi wameondoka saa kumi, akasema.

Nimesogeza kitanda chake hadi mlangoni. Projestus hajauliza kwa nini.


Ijumaa, 11 Aprili

Binti yetu Violeth amepiga simu toka Rubya, katoka zamu ya hospitali. Nilimweleza yote, kwa haraka, nikiwa nyuma ya nyumba kwenye migomba. Akasema mleteni Bibi huku kwangu, kesho, nakodi gari. Nilitaka kulia kwa furaha.

Ma Anatolia amekataa. Akitoka kitandani hapo anakwenda Bumbire, si Rubya. Anashikilia kingo za kitanda kana kwamba tutambeba kwa nguvu. Projestus akapiga magoti, akamshika mguu, akasema kwa Kihaya kwamba Pasaka wataila kisiwani.

Pasaka! Imebaki siku tisa. Wiki nne ziko wapi?


Jumamosi, 12 Aprili

 Saa nane mchana mvua ilipiga kama mawe. Nikasikia trela likikwaruza mawe. Jiwe moja la nyuma lilikuwa limezama kwenye tope na trela linashuka kuelekea getini, na Projestus amesimama NYUMA YAKE, ameligandamiza kwa mgongo, miguu inateleza.  Mdomo uko wazi tu. Jirani Immakulata na mumewe waliruka uzio, tukasukuma wanne, tukaifunga kwa kamba kwenye mparachichi.

Projestus alikaa chini topeni. Nikamfuta uso. Tukacheka kidogo, kama watu waliokoswa na gari. Kisha akasema: kesho inaingia ndani.

Nikasema tusubiri Ta Kamala. Akasema kamba itakatika, mvua haisubiri Kamala, na itamkuta mtu barabarani. Hapo hakukosea. Hiyo ndiyo inayonitisha, kwamba kila upande ana sababu.

Tumegombana kama hatujawahi. Nilimwapisha kwa jina la Esther kwamba hatagusa mirunda. Akaapa.


Jumapili, 13 Aprili

Saa tatu asubuhi. Jumapili ya Matawi, na sijaenda kanisani. Nimemwambia Projestus tumbo linaniuma. Ukweli, sitaki kumwacha Ma Anatolia peke yake humu. Kalala. Naandika hapa kando ya kitanda chake, daftari gotini.

Projestus naye hajaenda. Yuko chini. Nasikia winchi ya mkono — trrk, trrk. Ameifungia ukutani ndani ya stoo, analivuta trela lije kwake. Anasema akilivuta polepole litapita katikati ya mirunda bila kugusa. Amepima mara tatu. Nilimwambia trela ni pana. Akasema mara tatu, Mama Violeth.

Winchi imesimama. Sasa kuna mlio wa nyundo, kidogo, kama mtu anayegonga hodi. Tok. Tok.

Anagonga nini? Hakuna kitu cha kugonga kule ila kabar


Saa tano na nusu. Niko uani, nimekaa kwenye jiwe. Ma Anatolia yuko kwa Immakulata, mzima. Niandike.  Nikisimama napiga kelele, na Ta Kamala amekataza kelele.

Sakafu ilishuka. Si yote, upande wa dirisha, kama meza iliyovunjika mguu mmoja. Kishindo, kisha vumbi likaja kutoka chini, kupitia nyufa, jeupe. Harufu ile ile.

Na mimi nikakimbia. Naandika ukweli. Nilikimbia hadi nje, daftari mkononi, nikamwacha mama wa watu kitandani. Nilifika kwenye mparachichi ndipo nikasikia ananiita. Hakupiga kelele. Penina. Penina, waitu, mwanangu. Kama mtu anayeomba maji.

Nilirudi hadi mlangoni, miguu ikakataa. Nilihesabu moja, mbili, tatu, ikakataa. Nikahesabu tena. Kitanda kilikuwa kimeteleza hadi dirishani, naye alikuwa amejivuta akakaa, mgongo ukutani, shuka mikononi, ananitazama. Akasema: usije wewe, una mtoto. Mtoto gani, Violeth ana miaka thelathini! Nikaanza kucheka na kulia, na katikati ya kucheka nikaona nimeshalala kifudifudi sakafuni, natambaa. Zege lilikuwa linalia chini ya tumbo langu. Nikalikamata shuka, nikamburuta nalo. Ni mwepesi kama mtoto. Immakulata alikuwa ametoka misa ya kwanza, tawi la mkindu bado mkononi, akatupokea mlangoni.

Kisha nikamwita Projestus. Kimya. Nikamwita. Kimya. Nikafikiri: huu ndio muda ule ule, nauishi tena.

Akakohoa.

Yuko stoo. Mzima, mguu umebanwa kidogo lakini anausogeza. Ukuta uliobaki juu ya tundu umeanguka wote, umeziba hata mlango. Stoo haina dirisha, haina mlango mwingine. Mbele yake ni tofali, na nyuma ya tofali ni boti.

Ta Kamala alishafika Bukoba toka msibani asubuhi. Immakulata alimpigia, akaja na bodaboda, suti nyeusi na viatu vinavyong'aa. Akalala chini nayo kwenye tope, akamulika tochi ndani. Alipoinuka alinivuta pembeni. Akasema zege limekaa juu ya boti. Lile tao la bomba la chuma, Umedbhai alilofungia turubai, ndilo lililopokea zege. Mrunda umebaki mmoja na umepinda. Boti ndiyo imebeba nyumba, alisema. Mtu asiivute. Mtu asiiguse.

Zimamoto wamepigiwa. Wapo kwenye ajali, barabara ya Muleba, wanakuja. Tulipiga tena. Wanakuja.

Projestus aliuliza kama mama yake ametoka. Nikamwambia ametoka. Akaanza kulia kule gizani, nikamsikia. Akasema aligonga kabari moja tu. Moja tu, ili iachie sentimita mbili. Nikamwambia anyamaze, asimeze vumbi. Nilitaka kumwambia mengine. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kuingiza mkono mahali na kumshika.


Saa sita na dakika kumi. Gurudumu la kushoto linatoa upepo. Ssss. Tuliusikia wote, kila mtu akatazama mwenzake. Kila likishuka kidogo, vumbi linamwagika toka juu na Projestus anasema, imeshuka tena.

Ta Kamala amepata jeki mbili, ya pikapu ya mume wa Immakulata na ya teksi moja. Zikae chini ya ekseli, kushoto na kulia, kabla gurudumu halijalala. Kati ya trela na ukuta wa gereji nafasi ni ya kiganja na nusu. Alijaribu yeye. Kifua hakikupita. Alijaribu mume wa Immakulata, hata bega halikuingia.

Nani mwembamba? aliuliza. Watu kama kumi na tano uani, na matawi yao. Wakatazama chini.

Niliivua kanga ya juu, nikasema nitaingia mimi. Projestus alisikia, akaanza kupiga ukuta kwa mkono: Mama Violeth asiingie! Kamala, asiingie!  Ta Kamala ananionyesha kwa kijiti kwenye tope jeki inakaa wapi, mpini unazungushwa vipi. Nimemwuliza mara mbili, na mara mbili amenieleza bila haraka, ingawa gurudumu bado linatoa upepo.

Nimevua viatu. Immakulata ananyoosha mkono nimpe daftari. Kushoto kwanza. Nisiguse ukuta.