Kibao Chini ya Mguu wa Meza

Mzee Barasa, mwalimu wangu,

Sikuulizi hali, maana huko uliko homa hazifiki. Huku Kitale mafua makali yameingia tangu ulipotuacha, wodi zimejaa hadi wengine wanalala kwenye mikeka verandani. Nakuandikia kukuomba radhi, na kukuambia kwamba binti yangu Nekesa ni mzima. Yule aliyekuwa akikuita Babu wa Damu.

Tulipotoka kukuzika kule Kibabii, nilirudi kwenye chumba chetu cha kupimia damu nikashindwa kukaa bure. Nikafagia, nikapiga deki, nikazipanga chupa zako. Kile kibao ulichokiweka chini ya mguu wa meza nikakitupa pamoja na takataka. Nilidhani nakuheshimu!

Jumanne mke wangu akamleta Nekesa kutoka Kiminini, mwili moto, kifua kinakoroma. Daktari akataka damu yake ipimwe, ajue kama mafua yameshuka mapafuni. Nilimtoa damu mwenyewe. Nikaivuta kwenye ule mrija mwembamba wa kioo, nikausimamisha kwenye stendi, nikakaa saa nzima nikiutazama kama ulivyonifundisha. Wekundu ukazama mbio, maji ya manjano yakabaki juu, mengi mno. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba damu ikizama hivyo, ugonjwa umekuwa mkali. Nililia.

Nikaweka penseli mezani ili nijifute macho. Ikabingirika yenyewe hadi sakafuni.

Hapo ndipo nilipokusikia. Nilikucheka siku ile nilipokukuta umepiga magoti unakitazama kibao, kama kawaida yako ya kila asubuhi. Ukaniambia, "Ati unacheka? Wewe cheka tu, lakini hiyo kibao usiguse. Mrija ikilala upande, damu inakimbia, inakudanganya."

Nilivunja ubao wa sanduku la sabuni, nikausukuma chini ya mguu wa meza, nikamtoa Nekesa damu tena. Alinitazama kwa hasira, maskini. Saa nyingine nzima. Safari hii wekundu ulishuka kidogo tu, ukatulia. Daktari akasikiliza kifua chake upya, akasema ni mafua matupu, apumzike na anywe uji. Nilimweleza kosa langu. Akanifokea, na ilinistahili, kisha tukawapima tena wote niliowapima tangu mazishi yako. Nashukuru hakuna aliyeumia kwa sababu yangu.

Leo Nekesa ameomba ndizi mbivu, kisha akagombana na mama yake juu ya kuoga. Moyo wangu umetua, Mzee. Umetua kabisa.

Basi pumzika. Nakuahidi kwamba maadamu niko katika chumba hiki, hakuna damu ya mtu itakayopimwa kabla sijakitazama kibao. Asubuhi hii muuguzi mmoja amenikuta nimepiga magoti pale, akadhani nasali, akaufunga mlango polepole.

Sikumwita arudi.

Mwanafunzi wako,
Simiyu